Ukiulizwa Hali Kliniki ya Sukari

Mama yangu mdogo anaishi Kinole, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, kwenye ndizi, mafenesi na pilipili manga. Siku ya kliniki huamka saa tisa usiku, hushuka na tochi mpaka barabarani, kisha hupanda gari la kwanza la mjini akiwa hajatia kitu tumboni, maana aliambiwa apimwe kabla ya kula. Siku moja nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, na zamu yake ilipofika ilikuwa saa tano kasorobo. Daktari, kijana mpole mwenye foleni ndefu mlangoni, alimwamkia vizuri, akafungua daftari.

"Unaendeleaje, mama?"

"Naendelea vizuri, baba."

"Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

Kipimo kilisema 16. Daktari akatikisa kichwa, akaongeza vidonge, akaandika tarehe ya kurudi. Hata dakika tano hazikutimia, tukawa nje.

Jioni ile, nikimsaidia kutandika kitanda, nilikuta chini ya godoro bahasha za dawa za miezi mitatu, karibu zote zimejaa. Nilipomuuliza hakukasirika. "Mwanangu, hivi vikubwa vinaniharisha. Nikivinywa siwezi kupanda gari la watu. Na hivi vidogo nikivinywa nikaenda shamba, mwili unatetemeka, jasho la baridi linanitoka. Siku moja nilikaa chini kwenye mteremko, nikajua ndiyo nakufa." Kwa nini basi hukumwambia daktari? Akaniangalia kama mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi. "Mtoto wa watu kanipokea vizuri vile, nianze kumlalamikia dawa zake?"

Heshima hiyo naijua, nimelelewa nayo. Kwetu ukiulizwa hali unajibu nzuri kwanza, hata kama umeletwa kwa machela. Shida hufuata baadaye, taratibu, mtu akishakaa na maji akishakunywa. Kliniki haina hiyo baadaye. Daktari akisikia "vizuri" anaamini dawa imemezwa na haijatosha, kwa hiyo anaongeza. Hivyo ndivyo mama mdogo alivyoandikiwa dozi kubwa zaidi ya dawa ambazo tayari zilimshinda. Kama angerudi nyumbani na utii wa ghafla, akazimeza zote kama zilivyoandikwa, angeanguka bondeni.

Ushauri wangu wa kwanza ndio unaobeba mengine yote humu: usipeleke kliniki damu peke yake, peleka na siku yako. Unaamka saa ngapi, unakula lini na nini, unapanda mlima upi, unabeba mzigo gani, unafunga au hufungi, dawa ipi huinywi na kwa sababu gani. Kisukari hutibiwa maisha yote, na dawa ya maisha yote isiyoendana na maisha yenyewe itaishia chini ya godoro.

Ugonjwa huu vijijini kwetu bado ni mgeni. Mwaka 1989 Donald McLarty, daktari Mskoti aliyefanya kazi Muhimbili, pamoja na Andrew Swai na wenzao walichapisha matokeo ya kupima vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Kati ya watu wazima waliopimwa, wenye kisukari hawakufika hata mmoja kwa mia. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu 9 kwa mia. Namna ya kupima na umri havikufanana kabisa, lakini mwelekeo kila mtu anauona. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa leo wa Kinole, Matombo au Mgeta hakuwa na bibi aliyemwona akiishi na sukari, akala nayo, akalima nayo, akazeeka nayo. Mambo ambayo kwa homa au kuhara tuliyarithi jikoni, kwa sukari tunapaswa kuambiana.

Nianze na vile vidonge vikubwa, metformini. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, na kwa watu wengi ndiyo ya kwanza kuandikiwa kwa kisukari cha ukubwani. Haimshushi mtu sukari hadi azimie ikiwa anaitumia peke yake. Ubaya wake uko tumboni: kichefuchefu, gesi, kuharisha. Mtu wa mjini mwenye choo hatua tatu kutoka kitandani anaweza kuvumilia wiki mbili. Mtu wa kukaa saa mbili kwenye gari lililobanana, au wa kuuza ndizi sokoni kutwa nzima, hawezi, na wala si uzembe.

Kuna njia za kuituliza. Imeze katikati ya chakula au mara baada ya kula, kamwe si kwa chai kavu. Omba kuanza na dozi ndogo, kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa siku pamoja na mlo wa jioni, kisha kupandishwa polepole kwa wiki kadhaa. Matumbo mengi huizoea hivyo. Kama bado inasumbua, uliza kama ipo ile inayoyeyuka polepole. Hiyo haisagwi wala haitafunwi, na usishtuke ukiona ganda lake chooni, dawa yenyewe imeshaingia mwilini. Siku unapotapika au kuharisha sana kwa sababu nyingine, mwili ukikauka, simamisha metformini na uende kituo cha afya, kwa kuwa figo zilizokosa maji haziipendi. Na kama umeitumia miaka mingi na miguu inazidi ganzi, mkumbushe daktari habari ya vitamini B12, ambayo dawa hii huweza kuipunguza. Si kila ganzi ni ya sukari yenyewe.

Vile vidogo ni habari nyingine, na hapo naomba msomaji akae vizuri. Glibenklamaidi hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Mtu aliyekula vizuri akakaa dukani haoni shida. Mkulima wa Uluguru anaimeza saa kumi na mbili asubuhi na kikombe cha chai, anapanda mteremko ambao mgeni angeuita ukuta, analima kwa jembe mpaka saa saba, ndipo akumbuke mhogo aliouacha nyumbani. Misuli inakula sukari, dawa inazidi kuishusha, tumbo liko tupu. Jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, macho kuona giza, hasira isiyo na sababu, maneno kuchanganyika: hiyo ni sukari iliyoshuka, chini ya 4 kwenye mashine. Nimesikia watu wakimwita mtu wa hali hiyo mlevi. Nimesikia pia wakisema kavamiwa na mizimu, naye akakalishwa kuombewa wakati ambapo nusu chupa ya soda ingemwinua.

Nusu chupa ya soda ya kawaida, au vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, au kijiko kikubwa cha asali. Subiri robo saa. Kama hujapata nafuu, rudia. Ukishapata nafuu kula chakula cha kushiba, ndizi au mhogo, kwa sababu ile sukari ya haraka haidumu. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, maana kitamwingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu na mtafutie gari au pikipiki ya kumfikisha hospitali. Na aliyeanguka kwa sababu ya glibenklamaidi apelekwe hata kama ameamka, kwa kuwa dawa hiyo hukaa mwilini na inaweza kumwangusha tena saa kadhaa baadaye. Pombe ya kienyeji juu ya tumbo tupu hufanya mambo kuwa mabaya zaidi, na kwinini, mgonjwa wa malaria akipewa, nayo hushusha sukari.

Kwa hiyo weka sukari ya kipimo kwenye kikaratasi, ifunge kwenye ncha ya kanga au mfuko wa suruali, iende nawe shamba kila siku kama jembe. Mwambie mtu mnayelima karibu. Kisha, na hili ndilo nililolitaka mama mdogo alifanye, mweleze daktari neno kwa neno ulivyokaa chini kwenye mteremko. Ipo glikilazidi, ndugu wa dawa ile, ambayo haiangushi watu mara nyingi kiasi hicho. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema glibenklamaidi haiwafai waliopita miaka 60. Mama mdogo ana 67.

Hata kile kipimo cha kabla ya kula kinahitaji akili. Kama umeambiwa uje hujala, usimeze dawa ya kushusha sukari asubuhi ile kisha ukakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Ichukue mkononi pamoja na chakula ulichofunga, pimwa, kisha kula na kumeza papo hapo. Wanaotoka mbali wamwombe muuguzi awapime mapema wakifika. Wauguzi wengi hukubali wakijua mtu ameanza safari saa tisa usiku. Hawajui kwa sababu hatusemi. Na kipo kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ambacho hakihitaji kufunga kabisa. Kikipatikana, kinamwambia daktari mengi kuliko namba ya asubuhi moja. Wengi huwekewa lengo la karibu 7 kwa mia kwenye kipimo hicho. Mzee anayeanguka-anguka, au mwenye figo na moyo dhaifu, anaweza kuwekewa lengo la juu kidogo, hata 8, ili aishi bila hofu ya kuzimia. Uliza lengo lako ni lipi. Si lazima liwe la jirani yako.

Ramadhani ni mtihani wa pekee, na upande wa Kinole na Mkuyuni Waislamu ni wengi. Nenda kliniki mwezi mmoja kabla, useme wazi kwamba unanuia kufunga. Mara nyingi dozi kubwa huhamishiwa futari na ya daku hupunguzwa, lakini mpango huo ni wa daktari, usijipangie. Mjamzito, mwenye figo mbaya, na ambaye sukari imemwangusha hivi karibuni, hao dini yenyewe imewapa ruhusa ya kula. Kutoboa kidole ili kupima hakubatilishi saumu kwa mujibu wa wanazuoni wengi. Ukiona chini ya 4, funguo ziko mkononi mwako: kunywa, saumu utailipa.

Sasa sindano. Hakuna neno linaloogopwa kliniki kama insulini. Kijijini inasemwa ukifika kwenye sindano umefika mwisho, na wapo waliokaa miaka mitatu wakizungushana na daktari wakikimbia neno hilo huku macho yakiingia ukungu. Nawaelewa, lakini wamekosea. Januari 1922, kule Toronto, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa amebaki mifupa alichomwa insulini ya kwanza. Kabla ya hapo watoto wenye kisukari hawakuwa na tiba, walikuwa na muda tu. Sindano ile ilikuwa mwanzo. Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hapa Morogoro ni vilevile hadi leo: hakosi hata siku moja, akiugua malaria hakosi, akikosa hamu ya kula hakosi. Dozi hubadilishwa, haiachwi. Kwa mtu mzima ambaye vidonge vimemshinda, insulini ni kongosho kupata msaidizi, na wengi wakianza hunirudia na neno moja: wamelala usiku mzima bila kwenda chooni mara tano.

Kinachosumbua kweli ni joto. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, isigande. Kijijini pasipo na friji watu huambiwa basi, insulini haiwezekani. Inawezekana. Mwaka 2021 watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba insulini inayotumika hudumu wiki 4 kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, joto walilolichukua kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Morogoro mjini hata Januari, jua likiwa la utosi, hatufiki ukali wa Dagahaley, na milimani ndiyo kabisa. Njia ya bibi zetu inatosha: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga kati yake, mchanga ule umwagiwe maji asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu. Insulini ikae ndani ya kopo kavu lenye mfuniko, isiguse maji. Chungu kikae kivulini penye upepo, mbali na mafiga. Andika juu ya chupa tarehe uliyoifungua, na wiki nne zikipita itupe hata kama imebaki. Ukisafiri usiiweke kwenye buti la gari wala mbele penye kioo. Ikae kwenye mkoba unaoupakata.

Insulini ya mawingu huviringishwa kati ya viganja, haitikiswi. Ile ya kung'aa kama maji, ukiiona ina ukungu, usiichome. Zungusha mahali pa kuchoma, tumboni leo hapa kesho pale, maana pakichomwa palepale panaota uvimbe na dawa hainyonywi sawasawa. Usichome paja asubuhi ya kupanda mlima: mguu unaofanya kazi huinyonya dawa haraka na sukari itakuangukia njiani. Siku hiyo tumia tumbo. Sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, urudi nayo kliniki. Kuna watoto wanaocheza jalalani.

Miguu ningeiandikia makala yake peke yake, kwa sababu ndiyo inayoangusha watu wengi katika ugonjwa huu, kwa maana zote mbili. Sukari ikikaa juu miaka mingi mishipa ya fahamu hufa. Kwanza nyayo zinawaka moto usiku, mgonjwa anazitoa nje ya blanketi. Baadaye moto unazimika, naye anafurahi kwamba amepona. Hajapona, ganzi imeingia. Mguu usiosikia utakanyaga msumari ukaendelea na safari hadi Mvuha.

Upande wa Mgeta, Nyandira na Tchenzema, Juni na Julai baridi huingia mifupani na watu huota moto. Mwenye ganzi anasogeza miguu mekoni, hasikii, na asubuhi ngozi imevimba malengelenge. Kaa mbali na moto, vaa soksi. Maji ya kuoga yajaribiwe na mtu mwingine, au kwa kiwiko chako. Lipo na jambo la panya, ambalo watu huona aibu kulisema. Mwaka 2005 Zulfiqarali Abbas, daktari wa kisukari wa Dar es Salaam, na wenzake walieleza wagonjwa walioumwa na panya miguuni usiku, wakaamka asubuhi na vidole vilivyotafunwa bila kuhisi chochote. Nyumba ya kuhifadhi mahindi ndani ina panya, hilo si kosa la mtu. Osha miguu kabla ya kulala isibaki na harufu ya chakula, lala juu ya kitanda, chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Kila jioni kaa penye mwanga, geuza nyayo, angalia kati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo au mjukuu. Kausha kati ya vidole. Mafuta yapake kisigino na nyayo, si kati ya vidole, panaota fangasi. Usitembee peku hata uani. Kandambili hazikingi kwenye mawe ya Uluguru. Buti la mpira ni zuri shambani, ila likung'ute kabla ya kuvaa na uvae na soksi. Na kidonda, hata kikiwa kidogo kama punje ya mtama, kiende kituo cha afya siku hiyohiyo. Usimwagie unga wa kidonge cha rangi mbili, usipake masizi, usikifunge jani. Kidonda kisichouma kwa mwenye sukari ndicho cha kukimbiza. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 hapa nchini madaktari na wauguzi wamekuwa wakifundishwa kuhudumia miguu ya wenye kisukari, na waliohusika wanajua mguu mwingi hukatwa kwa kuchelewa tu. Kuchelewa huko mara nyingine ni kwa ukoo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno. Daktari anasema kidole kiondolewe leo, sisi tunasema mjomba yuko Kisaki, asubiriwe. Mwite mjomba mapema, ukiwa mzima, mkubaliane atakayeamua kama hayupo.

Sitaandika orodha ya vyakula. Mabango yake yako kwenye kuta za kliniki, na mengi yameandikwa kama vile mtu wa Uluguru anakula mkate. Ninalosema ni kwamba dona, ndizi mbichi, magimbi na mihogo vyote ni wanga. Ni kiasi kinachopunguzwa, haviachwi. Ugali uwe kama ngumi yako, nusu ya sahani iwe mboga, na mboga Morogoro hatuna haki ya kuzikosa ilhali Mgeta inashusha kabichi, karoti na njegere kwa malori. Chai yenye vijiko vinne vya sukari mara tatu kwa siku, soda ya msibani, juisi ya miwa pale Msamvu: hivyo ndivyo vya kuacha kwanza. Asali ni sukari.

Mengine hayasemwi kabisa. Nguvu za kiume hupungua kwa wanaume wengi wenye kisukari, na wanawake huwashwa sehemu za siri na kukosa raha ya ndoa. Ndoa zimevunjika kwa kimya hicho, mke akidhani ana mwenzie mjini, mume akinunua vidonge vya barabarani ambavyo vikikutana na baadhi ya dawa za moyo vinaua. Mwambie daktari. Ni dalili ya ugonjwa kama ganzi ilivyo, na ina matibabu. Huzuni nayo isemwe. Kuchomwa, kupimwa, kuhesabu, kuulizwa msibani mbele za watu, "Wewe si una sukari, mbona unakula?", mtu huchoka mpaka akaacha yote. Ndugu wa nyumbani, acheni uaskari wa sahani. Pikeni chakula kimoja kinachowafaa wote.

Dawa za asili pia zisemwe. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, na kisukari kilikuwa kati ya magonjwa yaliyotajwa. Simcheki aliyekwenda, mwenye ugonjwa usioisha hutafuta mahali utakapoisha. Kilichowaumiza watu ni kuacha insulini na vidonge. Ukinywa mlonge au mti mwingine, mwambie daktari jina lake, na dawa zako usiziache. Miti mingine hushusha sukari kweli, na juu ya vidonge inaweza kukuangusha.

Pesa nayo isemwe. Vipande vya kupimia ni ghali, kwa hiyo usipime ovyo: pima kabla ya mlo mmoja na saa mbili baada yake, kesho mlo mwingine, uandike. Kwa wiki moja utakuwa umeijua siku yako nzima. Ukishindwa kununua dawa zote, usizigawe nusu nusu kimyakimya. Sema una kiasi gani, daktari akuchagulie zipi zitangulie. Uliza kuhusu bima, na uliza kama dawa unaweza kuzichukua kituo cha karibu, mjini uende mara chache.

Usiku wa kuamkia kliniki iliyofuata tulikaa na mama mdogo kwenye taa. Yeye akisema, mimi nikaandika nusu ukurasa wa daftari: saa ya kuamka, saa ya jembe, mhogo wa saa saba, vikubwa hanywi kwa sababu hii, vidogo vilimkalisha mteremkoni siku fulani, miguu inawaka usiku. Asubuhi alibeba mhogo wa kuchemsha kwenye kikapu. Kijana yuleyule alisoma karatasi, akaweka kalamu chini, akamtazama mama mdogo kama ndiyo kwanza anamwona. Vidogo akavifuta. Vikubwa akaviacha kimoja, jioni, na ugali. Akamvua viatu mwenyewe, akampima nyayo kwa uzi mgumu, akasema anunue viatu vya kufunika vidole, na aende kuvinunua jioni, miguu ikiwa imeshajaa.

Tukasubiri jioni ifike, tukaenda sokoni Mawenzi. Muuzaji alimvalisha raba nyeusi, akamfungia kamba. "Vipi mama, imekaa?"

Mama mdogo alitembea hatua tano, akarudi.

"Hapana, baba. Inanibana hapa."